Leso ya Aliyeshindwa

Nilimpiga msichana wangu kofi Jumamosi moja ya likizo ya Aprili, saa tisa mchana, ndani ya kibanda cha gemu kilicho nyuma ya mabanda ya mitumba pale Daraja Mbili. Vijana waliokuwa ndani walikuwa kumi na watano. Nimejaribu kuwapunguza kichwani tangu siku hiyo na hawapungui.

Nilikuwa nimetoka kwenye meza yangu ya nguo kumwita aje ale. Kelele nilizisikia kabla sijafika. Walikuwa wakiimba, "Busu, busu, busu," na mmoja akigonga bati kufuata wimbo. Nikainua pazia. Mtoto wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimamishwa juu ya kreti ya soda mbele ya televisheni, leso imefungwa juu ya sketi yake ya shule. Nyuma yake, kwenye kioo, mwanamke wa gemu aliyevaa vipande viwili vya ngozi alikuwa akijipinda na kuwapulizia watu busu. Akimaliza anaanza tena. Vijana walitaka mtoto wangu afanye vile vile.

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nilipita katikati yao. Nilimpita mwenye kibanda, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa ameinua simu akirekodi. Nilimpita mwanafunzi wa kidato cha tatu, mrefu, ndevu ndiyo zinaanza, aliyekuwa akiongoza wimbo. Wote wawili mkono wangu ungewafikia. Nikaenda hadi kwenye kreti nikampiga aliyekuwa mdogo kuliko wote mle ndani.

"Hii ndiyo kazi niliyokuzalia?" nikamwambia. "Kujionyesha kwa wanaume?"

Wimbo ulikatika. Hakulia. Alishika shavu, akaniangalia kama mtu anayesubiri mwingine amalize kusoma, akasema, "Mama, nilishinda."

Nikamshusha, nikamburuta nje. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema, "Huyo mathe ni moto," wakacheka wote. Sikurudi kumwuliza ni nani aliyesema. Nguvu zangu zote nilikuwa nimezimalizia kwa mtoto.

Na ile leso aliyofungwa ilitoka kwangu.

Ilikuwa Desemba, wavulana wametoka jandoni, mji umejaa vijana wasio na shule wala kazi. Mwenye kibanda alikuja kwenye meza yangu. Ni jirani, bomba la maji tunatumia moja, na hatujawahi kukosana.

"Mathe, nipe leso moja. Ile mbaya kabisa."

"Mbaya ya nini? Unaoa mchawi?"

"Ni ya adhabu."

Akanieleza. Mchezo uliopendwa kwake ulikuwa wa kupigana, mtu na mtu, kila mmoja ameshika padi yake, kile kidude cha vitufe. Kabla ya kuanza unachagua mpiganaji. Wapiganaji walikuwa kumi na wawili: wanaume kumi, jitu moja la mawe, na mwanamke mmoja. Vijana walikuwa wamejitungia sheria. Ukishindwa mara tatu mfululizo unafungwa leso kiunoni, na mchezo unaofuata lazima umchukue yule mwanamke. Huivui mpaka umpige mtu ukiwa naye. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kumtumia, mtu angeweza kukaa na leso hadi kibanda kifungwe.

Mwanzoni walikuwa wanatumia gunia. "Lakini gunia haliwachomi," akasema. "Wanaona ni mchezo tu. Leso watasikia."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikachimba chini ya rundo nikapata moja iliyoungua pasi pembeni, nikampa bure. Kama hiyo haikutosha nikamfunga kwa mikono yangu, nikamfundisha kutembea nayo. "Tingisha kidogo, wewe, mbona unatembea kama askari?" Akatembea kati ya meza na meza, wanawake wa mitumba wakawa hoi. Nilijiona mcheshi sana siku hiyo.

Mmoja hakucheka. Ni mama wa umri, Mwislamu, familia yao iko hapa mjini tangu siku za babu yake, na anauza leso mpya kwenye duka linalotazamana na meza yangu. Tunamwita Bi Mkubwa na hakuna anayepita bila kumwamkia. Alisubiri yule kijana aende na leso yake.

"Hiyo nguo ulimbebea mtoto mgongoni," akaniambia. "Na siku ukifa, wenzako watakusitiri nayo kabla mambo mengine hayajafika. Leo umeifanya ya wapumbavu."

"Ni gemu tu, Bi Mkubwa."

"Haya. Gemu tu." Akaendelea kukunja vitu vyake.

Nikisema sikujua mambo ya kibanda kile nitakuwa nadanganya. Shule zilipofungwa Aprili sikuwa na pa kumwacha mtoto. Baba yake anaendesha lori la ndizi, anapakia huku na kushusha Nairobi, na nyumbani anaonekana kama mgeni. Nyumba yetu ya kukodi iko njia ya kwenda Marani, mbali na soko, siwezi kumfungia humo peke yake. Kumkalisha mezani kutwa kulinichosha. Ana maswali. Mteja akishika blauzi, yeye anauliza ilivaliwa na nani kabla, na mteja anaiweka chini. Kwa hiyo nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe kwa kijana wa gemu. "Niangalizie huyu," nikamwambia, na akakubali bila neno.

Juma la kwanza alikaa pembeni akitazama tu. Halafu asubuhi, kabla vijana hawajaamka, mwenye kibanda akawa anamwachia padi.

Jioni moja nikisonga ugali akaniuliza, "Mama, kwa nini yule mwanamke hana nguo na wanapigana kwenye barafu?"

"Mwanamke gani?"

"Wa gemu. Wale wanaume wote wamevaa chuma mpaka shingoni. Yule wa mawe hahitaji nguo na bado wamempa koti. Yeye wamempa sidiria na buti."

Nikacheka. "Labda anasikia joto."

"Na akipigwa analia sauti fulani. Wale wakubwa wakiisikia wanaongeza sauti ya TV."

Mkono wangu ulisimama. Kisha ugali ukaanza kushika chini nikaendelea kusonga. Sikumwuliza ni sauti gani, kwa sababu nilijua. Na sikumtoa pale kibandani. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, nilitaka mtoto awe mahali ambapo si mezani kwangu. Nimetafuta namna nzuri zaidi ya kulieleza hilo sijaipata.

Alikuwa na mengi ya kusema juu ya yule mwanamke. Aliniambia kwamba vijana wanawajua wapiganaji wanaume wote kwa majina, hata lile jitu la mawe, lakini huyu wanamwita omokungu, yaani mwanamke tu kwa Kikisii, ingawa jina lake limeandikwa pale chini na kila mtu ana macho. Aliniambia kuna gemu nyingine, ya hadithi, ya mtu anayevuka milima na mito kwenda kumwokoa mkewe aliyefungiwa kwenye mnara.

"Nimemwangalia sana yule mke," akasema. "Kazi yake ni kusimama dirishani. Hata mlango hajaribu."

"Si umefungwa?"

"Atajuaje? Mimi ningejaribu."

Na siku moja akaja amechangamka mpaka viatu akasahau kuvua. "Mama, omokungu ndiye mwenye mbio kuliko wote."

"Si mnasema huyo ni adhabu?"

"Ni kwa sababu wanamchukua wakiwa wamekasirika. Wanabonyeza ovyo ndio wamalize haraka. Hakuna aliyewahi kumsoma. Ukimwinamisha kwanza, halafu teke la chini, halafu unarudi nyuma, hawakushiki." Alinionyesha kwa vidole juu ya meza, na vidole vilikuwa na haraka kweli. "Mimi sikuambiwa nimchukue. Nimemchagua."

"Maliza chakula," nikasema.

Mimi ndiye niliyepaswa kumwelewa kabla ya mama mwingine yeyote, maana nilishacheza. Nililelewa Nyamira, na nikiwa darasa la saba mjomba wangu alileta nyumbani kimashine cha gemu cha zamani, nyaya nyingi kama matumbo ya kuku. Tulikuwa wasichana wawili kati ya wavulana sita, mimi na binamu yangu. Zamu yangu ikifika nilichukua jitu lenye ndevu na shoka. Kila mara. Silo nililolipenda, lilikuwa zito kama ng'ombe mwenye mimba, lakini nikilichukua wavulana walikuwa wananyamaza. Binamu yangu alimpenda msichana wa kwenye gemu, mwenye sketi fupi na nywele za waridi. Akimchagua, walimpigia mluzi. Nami nilipiga mluzi pamoja nao. Sikuwa najua kupiga mluzi. Nilijifunza wiki ile, kwa ajili hiyo.

Baada ya muda akaacha kuja. Alisema anamsaidia mama yake kuchuma chai. Shamba lao tulikuwa tunaliona kutoka kwetu, na hakukuwa na mtu aliyekuwa akichuma. Hakuna aliyeenda kumwita. Nilipata zamu zake.

Sasa, ile Jumamosi ya kofi nilimrudisha mtoto nyumbani na hatukuongea. Jumapili hatukuongea. Aliosha vyombo bila kuambiwa, na mimi nikajifanya kwamba huo ni utulivu. Jumatatu alikuja nami sokoni akakaa chini ya meza akikunja suruali za watoto, na habari zilikuwa zimeshatutangulia. Wanawake wa mitumba walinipongeza.

"Umefanya vizuri, mama. Msichana akianza hivyo usipomkata mapema utalia baadaye."

"Mimi ningemwongezea la pili," akasema mwingine. "Shavu lingine lilikuwa linangoja nini?"

Wakacheka. Mtoto alikuwa pale pale chini, anawasikia. Na mimi nikasema, "Asante."

Bi Mkubwa akaniita kutoka dukani kwake. Si kwa sauti, alinyoosha kidole tu. Nilipoingia hakunikaribisha kiti.

"Unajua kilichotokea kabla hujaingia mle?"

"Niliona kilichotokea."

"Uliona mwisho. Mjukuu wangu alikuwemo, amenieleza yote jana." Akanieleza, na ninaandika kama alivyonieleza.

Kijana wa gemu alikuwa ametangaza mashindano ya likizo. Atakayeshinda, jina lake lingeandikwa kwa rangi kwenye ubao ulio juu ya mlango, chini ya mabingwa waliotangulia. Hakukuwa na zawadi nyingine, na kwa vijana wale ubao ulitosha. Mtoto wangu alijiandikisha. Walimkubalia kwa mzaha. Akamchagua omokungu, wakacheka. Akampiga wa kwanza, wakacheka zaidi, kwa sababu sasa aliyechekwa ni yule aliyepigwa. Akampiga wa pili. Kufikia fainali alikuwa amekutana na yule wa kidato cha tatu, na hakuna aliyekuwa anacheka. Akampiga pia.

Yule mvulana alitakiwa afungwe leso, maana mashindanoni sheria ilikuwa kali: kushindwa fainali mara moja kunatosha. Akakataa. Ametoka jandoni Desemba, ni mwanamume, na hadithi ya kufungwa leso kwa sababu ya msichana wa gredi ya tano ingemfuata hadi harusini. Akasema ushindi huo hauhesabiki. Omokungu ni wa adhabu, na adhabu haiwezi kuwa bingwa. Wenzake wakaona ana hoja. Mwenye kibanda akakuna kichwa, akasema ni kweli, hawakuwahi kukubaliana kwamba omokungu anaweza kushinda mashindano. Ndipo mmoja akasema leso si ipo, na mwanamke si yupo. Wakamfunga mtoto.

"Akawauliza jina lake litaandikwa lini," Bi Mkubwa akasema. "Wakamwambia apande kreti, afanye kama anavyofanya yule wa kwenye kioo akishinda, ndipo waandike. Akapanda. Lakini busu hakutoa. Alisimama hivi." Akakunja mikono kifuani. "Waliimba mpaka wakachoka, wakaanza tena. Alikuwa bado anawakatalia ulipoingia wewe."

Ningependa kusema kwamba hilo sikuliona. Nililiona. Nikiwa mlangoni niliona leso, niliona kioo, na niliona mikono iliyokunjwa kifuani, mikono ya mtu aliyekataa. Niliiona vizuri kabisa, na nikampiga.

Nilitoka dukani mwa Bi Mkubwa nikaenda moja kwa moja kibandani. Safari hii kulikuwa na vijana wawili tu wakicheza, na mwenyewe akifunga waya kwa utepe wa gundi.

"Andika jina la mtoto wangu kwenye ubao," nikamwambia. "Na ufute hiyo video."

"Mathe, tulia kwanza. Si ulishamfunza mwenyewe? Sote tuliona."

"Andika jina."

"Nikiandika, hawa watahama." Akawaonyesha wale wawili kwa kidevu. "Bingwa omokungu, mshika padi mtoto wa gredi ya tano. Nani atakuja tena hapa?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayemweleza mteja kwamba saizi yake imekwisha. "Na hiyo hasira imetoka wapi leo? Leso ni yako. Ulinifundisha mpaka kutembea."

Wale wawili hawakugeuka, lakini mabega yao yalitikisika.

Nilimtukana kwa Kikisii. Nilimtaja mama yake, mwanamke nisiyemjua na ambaye hakunikosea lolote, na hilo nalo nimelibeba. Aliendelea na waya wake hadi nikaishiwa.

"Enda kwa chifu basi," akasema. "Lakini ujue swali la kwanza watauliza ni nani alimpiga mtoto."

Jioni nilikaa karibu na mtoto kitandani pake.

"Nimekosa," nikasema.

Alikuwa anachora mistari kwenye shuka kwa ukucha. "Hata kuniuliza hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Na ulisema ninajionyesha."

"Nilisema."

"Mbele yao."

"Ndiyo."

"Unataka nifanye nini?" nikamwuliza.

"Jina langu liandikwe. Nilishinda."

"Nitaenda kwa chifu. Tutaenda wote."

"Utasema kwamba ulinipiga?"

"Si lazima hilo. Tunaenda kumshtaki yule kijana."

"Basi enda peke yako," akasema, akageukia ukutani.

Nililala na hilo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kwa chifu huingii ukatoka vivi hivi. Ukiandika kwamba umempiga mtoto, karatasi inaweza kupelekwa ofisi ya watoto, na kutoka huko sijui inaishia wapi. Baba yake angesikia akiwa njiani, kutoka kwa mtu mwingine, ikiwa imeongezwa chumvi. Wanawake wa mitumba waliosema nimefanya vizuri ndio hao hao wangesema, ona, alijipeleka mwenyewe. Asubuhi nilimwamsha nikamwambia, "Vaa. Nitasema yote." Akainuka akatafuta sweta.

Karani wa ofisi alikuwa mama mtu mzima kutoka upande wa ziwa, ameishi huku miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alitusikiliza wote wawili. Kwanza mimi, halafu akasema, "Sasa mwenye kesi aongee," akimaanisha mtoto. Mtoto akaeleza mashindano yote, teke kwa teke. Yule mama hakumharakisha. Aliuliza maswali mawili, na moja lilikuwa, "Huyo wa mawe koti la nini?"

"Hata mimi nimeshangaa," mtoto akajibu.

Kisha karani akanipa karatasi. "Malalamiko huandikwa na mlalamishi kwa mkono wake. Lakini nikushauri kama mama mwenzio. Hili la kofi liache. Kesi yako ina nguvu bila hilo. Ukiliweka, na wewe unaingia ndani ya karatasi."

Nilimwangalia mtoto. Alikuwa anatazama picha za ukutani, za chanjo na za mbegu za mahindi, mgongo wake umenyooka kabisa. Hakugeuka kuona nitafanya nini.

"Nipe kalamu," nikasema.

Niliandika mara mbili, ya kwanza ilikuwa na matusi. Ya pili ndiyo iliyopigwa muhuri. Naiweka hapa kama ilivyo, majina tu nimeyatoa.

*Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, ninauza mitumba Daraja Mbili. Ninamlalamikia mwenye kibanda cha gemu kilicho nyuma ya mabanda yetu.*

*Jumamosi iliyopita binti yangu wa gredi ya tano alishinda mashindano kibandani humo akimtumia mpiganaji wa kike. Ushindi wake ulikataliwa kwa sababu mpiganaji huyo ni mwanamke, na kibandani humo mwanamke ni adhabu ya aliyeshindwa. Baada ya hapo binti yangu alifungwa leso, akapandishwa kwenye kreti, na vijana kumi na watano wakamtaka apulize busu kama picha ya kwenye televisheni. Alikataa. Mwenye kibanda hakuwazuia. Alikuwa akirekodi kwa simu.*

*Leso hiyo nilimpa mimi mwezi wa Desemba nikijua ni ya nini, na nilicheka. Mtoto nilimpeleka mimi pale, na aliponiambia anayoyaona na kuyasikia sikumtoa. Nilipomkuta juu ya kreti nilimpiga kofi yeye, nikasema mbele ya watu kwamba anajionyesha kwa wanaume. Haikuwa kweli. Alikuwa amekunja mikono na niliona.*

*Ninaomba video ifutwe mbele ya ofisa, simu ikiwa mezani. Ninaomba desturi ya leso ikome, na watoto wadogo wasikae mle na wale wakubwa. Ninaomba jina la binti yangu liandikwe kwenye ubao wa mabingwa kwa rangi na kwa ukubwa ule ule wa majina mengine, na chini yake liandikwe jina la mpiganaji aliyemtumia, lile lililoandikwa kwenye gemu yenyewe, si lile wanalomwita. Binti yangu analijua na atawatajia herufi.*

*Kuhusu kofi, ofisi ifanye inavyoona ni haki. Sina shahidi wa kunitetea na sijaleta. Nikiitwa nitakuja.*